Mahari ya Sabuni

Jumatatu, 14 Julai
Nimepeleka fomu ya ruzuku ofisi ya serikali, divisheni. Mwenyewe! Kikundi chetu ni akina mama kumi na mmoja wapika sabuni wa Namuwongo, pamoja na mimi, mwenyekiti. Sabuni sijui kupika. Lakini nilikuwa jeshini, na sauti ninayo. Ruzuku ikitoka tutanunua mashine ya kukatia. Sasa hivi wanakata kwa waya, vidole vimekwisha. Kwenye foleni nimemkuta jirani yangu Mushagalusa, fundi cherehani Mkongomani. Fomu yake kaiweka ndani ya faili la plastiki. Plastiki! Majivuno tu.

Jumanne, 15 Julai
Simu kutoka kwa Zulaikha, afisa wa maendeleo ya jamii. Kiganda changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo husema nami Kiswahili. R zinamshinda. Habari kwake ni "habali", barua ni "balua". Nimezoea, kila l yake naigeuza r kichwani. Kasema: "Afande Odyek, katiba ya kikundi iko sawa. Lakini mahali haiko wazi. Kamati nakuja Alhamisi kuona mahali na macho. Hiyo iko alama ishilini."

Mahari! Jasho likanitoka. Kwa mke wangu Lamwaka, naye mpika sabuni wa kikundi, niliahidi ng'ombe sita. Nilitoa wawili na baiskeli, mwaka 2008, basi. Nani kaipeleka siri hii divisheni? Mushagalusa, nani mwingine.

Jumatano, 16 Julai
Nimewaza sana. Serikali ina akili. Asiyemaliza mahari atamalizaje mradi? Ng'ombe siwezi. Bushira, muuza mbuzi wa Kisenyi, kaniazima wanne kwa nusu siku. Redio yangu imebaki kwake. Shemeji Odoch, kaka yake Lamwaka, ni polisi. Kakubali kuja na sare kuwapokea mbele ya kamati. Igizo tu, nimemwambia. Kasema sawa sawa.

Tatizo ni nafasi. Ua wa Mama Docus, tunapopikia sabuni, umejaa mapipa. Nimeamuru yote yahamishwe ng'ambo ya reli. Lamwaka kauliza si afadhali nimpigie afisa nihakikishe. Nimemjibu serikali haiulizwi mara mbili.

Alhamisi, 17 Julai
Mbuzi nimewafunga kwa mstari, mdogo hadi mkubwa. Kamati ikafika, Zulaikha na wazee wawili. Wakauliza sabuni inapikwa wapi. Nikasema hilo baadaye, mahari kwanza, hii hapa, na shemeji ndiye shahidi. Zulaikha akatazama mbuzi. Akatazama fomu. Mushagalusa, aliyekuwa akichungulia ukutani, akapaza sauti: "Mzee, banauliza mahali! Fasi ya kazi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Odoch akasema mahari ni mahari, akanishukuru mbele ya serikali, akafungua kamba, akaondoka na mbuzi wote. Kweli kweli! Alama za mahali: sifuri. Mama Docus alikuwa akivitazama vidole vyake. Niliona aibu, nasema kweli.

Lamwaka hakunigombeza. Kasema miaka kumi na saba, hatimaye nimekumbuka. Kaniwekea chai ya maziwa. Sikumweleza.

Ijumaa, 18 Julai
Tumepata 58. Kupita ni 60. Mushagalusa, 81! Bushira anapiga simu kuulizia mbuzi wake. Sipokei. Ya Zulaikha nimepokea. Kamati imewahurumia akina mama, itarudi Jumatatu. Sharti moja tu: kesho kuwe na "kula ya mwenyekiti", wanachama wote, naye atakuwepo.

Nikaanza kuigeuza l. Nikajizuia. La! Sasa nimejifunza, neno la serikali halisahihishwi. Kasema kula, ni kula. Karamu, kwa heshima yangu! Kumbe wale mbuzi waliwagusa.

Jumamosi, 19 Julai
Sijatia kitu kinywani tangu asubuhi, naacha nafasi. Ua umejaa, Zulaikha kakaa mbele. Mama Docus kaleta sanduku lenye tundu juu, nadhani la mikate. Vinagawiwa vikaratasi, vya kufutia vidole bila shaka. Ubaoni wameandika majina mawili, langu na la Lamwaka. Mgeni rasmi na mpishi. Kila mama anaandika kitu, anakunja, anatumbukiza. Lamwaka kanijia, kaniuliza taratibu kama nina neno la kuwaambia kabla hawajamaliza. Nimemwambia waendelee tu, mimi niko tayari. Nimeshanawa mikono.