Mbega wa Got Liech

Jumatatu, 4 Agosti

Phelesia anakuja! Shemeji yangu Kezia ameniambia asubuhi tukipukuchua mahindi. Jumamosi Phelesia na kina mama wa kanisa lao kule Uriri watapanda Got Liech, waombe kileleni, washuke. Kezia alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya dagaa wa omena. Mimi nikamwaga beseni lote.

Tulikua pamoja chini ya kilima hiki. Got Liech maana yake kilima cha ndovu, ingawa hata babu hakuwahi kuona ndovu hapa. Mbega ndio waliokuwepo. Shule zikifungwa tulitumwa kuni, na Phelesia ndiye aliyetangulia, miguu mitupu, leso imejaa ochuoga, yale matunda meusi ya porini yanayopaka ulimi rangi ya wino. Alfajiri mbega walinguruma huko juu. Yeye alisimama, akainua uso, akawajibu. Nao walinyamaza kumsikiliza! Sijaona tena uso wa mtu ukifurahi hivyo.

Kisha akaolewa Uriri. Mimi nikaenda Awendo kuendesha trekta za miwa. Tukawa watu wa kukutana matangani. Sasa yeye ni mjane, na mimi nimestaafu, nyumba yangu ina kiti kimoja kinachokaliwa.

Alimuuliza Kezia kama mbega wangalipo. Nimemwambia Kezia wamejaa hadi wanagombania matawi. Ni kweli sijapanda tangu nirudi nyumbani. Lakini mbega waende wapi?

Tatizo ni Chrispine, jirani. Ameweka kibao barabarani: MATEMBEZI YA MSITUNI, ULIZA CHRISPINE. Ana filimbi, buti, na darubini yenye jicho moja. Mbele za watu huniita jaduong', yaani mzee. Jaduong'! Nimeshatangaza: kiongozi wa Jumamosi ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda kukagua. Magoti yamelia kama lango la boma. Sehemu ya chini yote sasa ni mikalatusi, imejipanga kama wanafunzi wa gwaride. Chemchemi tuliyokuwa tukilala kifudifudi kuinywa imejengewa simiti, ina bomba. Nimelala kifudifudi hata hivyo. Nimelowa kifua.

Lakini juu ya jabali kubwa, msitu ni uleule! Giza lilelile la kijani, harufu ileile ya majani yaliyooza na uyoga. Nilisimama pale nikasahau umri wangu. Ningesikia mama akiniita nikale, ningeitika.

Nimeona hondohondo wakivuka bonde kwa mbawa zenye kelele. Shorobo, akaruka na wekundu wa mabawa yake ukawaka mara moja tu. Pimbi anaota jua. Pongo, yaani kitako chake. Ukoo mzima wa nyani umekaa juu ya mawe ukinitazama kama kamati ya harusi.

Mbega: hakuna. Nikakaa. Nikangoja. Nikanguruma mwenyewe. Nyani mmoja alikohoa.

Nikakutana na mama anayekata nyasi. Akanieleza kwamba mbega waliondoka zamani, miti mikubwa ilipoangushwa. Alinitazama kwa huruma, kama ninauliza habari za mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nikashuka mbio kumzuia Kezia. Nimechelewa! Amekwisha kupiga simu. Anasema Phelesia alifurahi mpaka akashindwa kuongea, na amewaambia kina mama wote.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala vibaya, nimeamka na akili.

Nilipokuwa dereva nilikuwa na vifuniko vya kiti vyenye manyoya na zipu, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Vimo sandukuni. Nimeshona! Tumbo ni gunia la maganda ya mahindi. Mabega meupe, mkia mrefu mweupe, uso ni soksi. Kwa karibu anafanana na mchungaji mmoja ninayemjua. Kwa mbali, ndani ya majani, ni mbega kabisa. Ukivuta kamba anarukaruka.

Sauti nimeipata mtandaoni, kwenye simu. Kuna mtu amerekodi mbega wakinguruma, Mungu ambariki. Nimeunganisha na spika ndogo ya Kezia ya kusikilizia mahubiri. Nilipoiwasha, kuku wa Kezia walikimbilia chini ya kitanda.

Nilipoisikia mara ya pili nilikuwa peke yangu. Nikaizima. Hiyo ndiyo sauti yenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Kasoro kubwa! Siwezi kuongoza kina mama na papo hapo kujificha kichakani nikivuta kamba. Nimefikiri kutwa nzima. Jibu ni moja, na ni chungu kama dawa ya minyoo.

Nimekwenda kwa Chrispine. Nikamwambia goti langu limevimba, na kwa moyo mweupe namwachia uongozi. Alishangaa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema kumbe jaduong' ni mtu mzuri hivi, na siku zote alidhani nina kijicho. Karibu nimpige.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemtundika mbega kwenye mti ulio juu ya kona ya njia. Kupanda nilipanda. Kushuka nimeshuka kabla sijaamua. Phelesia angeupanda mti huu akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akiimba. Zamani alikuwa akinivuta kwa mkono kwenye tawi la kwanza, kisha ananicheka kwenye la pili.

Nimechagua kichaka changu. Ardhi laini, kivuli kizuri. Kuna sisimizi wachache wanaopita kwa mstari. Hawana neno.

Jumamosi, 9 Agosti

Hawakuwa sisimizi. Walikuwa siafu.

Niandike kwa utaratibu. Kina mama walifika wakiimba, vitambaa vyeupe kichwani. Chrispine mbele na filimbi. Na ubavuni mwake nani? Phelesia! Amenenepa kidogo, anatembea na fimbo, lakini shingo ni ileile, inatafuta juu ya miti. Alicheka kila neno la Chrispine. Mimi kichakani nikauma ulimi.

Wakafika konani. Nikavuta kamba. Mbega akaruka! Kina mama wakapiga vigelegele. Phelesia akasimama. Akainua uso. Ule uso! Miaka yote ile ikaanguka kama ganda. Nikasahau kuvuta, nikatazama tu.

Nikakumbuka sauti. Nikabonyeza. Na kutoka kichakani, kwa nguvu zote, mwanamke akawaalika waumini wajaribu sabuni mpya inayoondoa madoa bila kusugua. Tangazo! Jumatano halikuwepo!

Nikitafuta pa kulizima, siafu walipita magotini. Walipanda kimyakimya, kama desturi yao, wakangoja wote wafike. Kisha wakauma pamoja.

Nilitoka kichakani nikipiga kelele ambazo hakuna mbega aliyewahi kupiga. Suruali ilibaki nyuma. Kina mama wakageuka wote kwa pamoja kutazama bonde. Mama mmoja alianza kukemea pepo. Nyani dume akashuka kwenye mawe, akamnyakua mbega wangu kwa mkia, akaondoka naye. Chrispine akapuliza filimbi, sijui kwa nini.

Phelesia peke yake hakugeuka.

Akauliza, "Javan? Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Suruali iko wapi, omera, ndugu yangu?"

Nikaonyesha kichaka. Akavua leso yake kiunoni, akanitupia. Akawaambia wenzake watangulie na Chrispine, yeye miguu imechoka. Kisha akaketi kwenye jiwe, akaanza kuning'oa siafu mgongoni, mmoja mmoja, akiwaponda kwa kucha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye machozi yakaendelea na kicheko kikaisha.

Akasema, "Mbega gani ana zipu tumboni?"

Nikamwambia nilikosea, nilidhani bado wapo, nikaona aibu kumrudisha nyumbani bure.

"Nani alikwambia nimekuja kwa mbega? Mbega nilimuuliza Kezia ili nipate la kuuliza. Nilitaka kujua kama wewe bado unapanda huku."

Mimi! Nikaenda kando nikachuma ochuoga, zilikuwa zimeiva kwenye mwamba. Tukala. Ulimi wake ukawa mweusi. Wangu pia, aliniashiria niutoe nje auone.

Basi tukasikia ngurumo kutoka mbali, chini, upande wa Kosele. Ndefu, ya kukoroma, ikapanda, ikakatika. Phelesia akanishika mkono. "Wamerudi," akanong'ona. Akasimama, akainua uso, akajibu kwa sauti ile ya utotoni, imepasuka kidogo katikati.

Nimeendesha trekta maisha yangu yote. Ile ilikuwa trekta, gia ya pili, na dereva hajui kazi. Nikasema ndiyo, wamerudi.

Jumapili, 10 Agosti

Leo mwili mzima ni vipele. Kezia amenipaka mafuta ya ng'ombe bila kuuliza, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Chrispine alimpiga picha yule nyani akikimbia na mnyama mweusi na mweupe. Tayari ameongeza kwenye kibao: MBEGA WAPO. Amechora na picha. Mbega huyo anafanana na kifuniko cha kiti. Asubuhi gari lenye watu wa Homa Bay lilisimama kuuliza. Nilitaka kwenda kumwambia ukweli. Nikarudi kutoka langoni. Ningeanzia wapi?

Phelesia amepiga simu. Simu yangu, si ya Kezia! Amefika salama. Alisema miguu inauma lakini roho imelala vizuri, na kwamba Disemba atakuja tena, pamoja na Lynnet, binti yake, na wajukuu. Akasema nisitengeneze chochote. Tutatembea tu polepole, tuone kitakachoonekana, na tusipoona kitu tutakula matunda. Nikaapa. Niliapa kutoka moyoni, mkono kifuani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari kiapo kile kwa makini. Alichokataza ni kutengeneza. Kuazima hakukutajwa.

Na jana kabla ya kukata simu, Phelesia alidokeza kwamba mjukuu mkubwa anapenda sana habari za chui. Nikajisikia nikisema chui ninamfahamu, namjua hadi anapolala. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema kabisa.

Disemba ni mbali, muda upo. Nyamweya wa duka la dawa za mifugo ana mbwa mkubwa mpole sana, hata hajui kubweka. Rangi ya manjano tayari anayo. Yamebaki madoa tu.