Beseni la Maji Langoni

Kamati ya Viatu ya shule yetu hapa Doornfontein, ambayo mimi ni katibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wanafunzi wenye viatu vibovu limekwisha kabisa. Hatukununua kiatu hata kimoja. Tuliweka beseni la maji langoni.

Utaratibu ni wa kitaalamu. Mwanafunzi anakanyaga majini. Soksi zikilowa, kiatu ni kibovu, na mwenyewe anarudi kwao. Hivyo kila mtoto aliye darasani ana kiatu kizima. Wanaouliza kuhusu watoto walioko nje wanatoka nje ya mada.

Siku ya mtihani alikuja Mamie, msusi wa Joubert Park, na binti yake Chloé, ambaye kiatu chake kilikuwa kimeachama mbele.

"Papa Katibu, ni kiatu ndiyo itaandika mutihani?"

Nilimweleza kwa upole kwamba suala hilo liko juu ya mamlaka yangu. Akasonya, akampeleka mtoto nyuma ya ukuta.

Punde watoto wakaanza kupita langoni mmoja mmoja, wote na viatu vyeusi vya aina ileile, vyenye mkwaruzo uleule kisiginoni. Wadogo viliwapwaya, wakubwa viliwabana. Niliona fahari mpaka machozi yakanilenga. Kwamba kila mtoto akishaingia kulikuwa na kitu kinarushwa nje juu ya ukuta, sikuona sababu ya kulitia katika taarifa.

Ndipo akafika Mwenyekiti wetu, Mzee Parfait, na viatu vyake vya ngozi ya mamba, kumpokea mfadhili kutoka Sandton aliyekuwa anakuja kututunuku. Kwa madaha akakanyaga majini. Alipoinua mguu, soli ikabaki inaelea.

"Soksi imelowa, muzee," alisema Égide, mlinzi wetu, Mrundi asiye na utani. "Rudi kwenu."

"Sheria hii nimeitunga mimi!"

"Ndiyo. Na ni nzuri sana."

Gari la mfadhili lilikuwa tayari kwenye robot, likisubiri taa iwake kijani. Parfait akakimbilia nyuma ya ukuta, nami nikamfuata kama itifaki inavyotaka. Tukakuta watoto na soksi zao wamepanga mstari, na Mamie anadaka viatu vile vyeusi vilivyotoka kurushwa. Mwenyekiti akanyoosha mkono. Chloé akamwahi.

"Sorry, anko," alisema, akifunga kamba. "Laini inaanzia kule nyuma."

Akakimbilia mtihani wake. Mwenyekiti akaenda kusimama nyuma ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mfadhili aliposhuka, nami nimesharudi langoni, akauliza Mwenyekiti yuko wapi. Nilimjulisha kwamba wanaouliza kuhusu walioko nje wanatoka nje ya mada.