Mgongo wa Noreen

Jumatatu, 4 Machi 1974
Albamu yetu imetoka! Nyimbo mbili tu, kila moja dakika ishirini. Mji wetu wa Huddersfield mzima kimya. Lionel, mpiga kinanda wetu, anasema muziki mzuri hujiuza wenyewe. Maskini! Kinachouza ni jalada: mwanamke, mgongo wazi, ameketi mbele ya madhabahu. Kazi ya mkasi wangu na gundi. Mgongo ni wa mke wangu, Noreen. Nilimpiga picha likizoni, akijipaka mafuta ya jua. Hajui. Uso hauonekani, nani atamtambua?

Jumanne, 5 Machi
Hakuna aliyekasirika. Hata mchungaji! Nimeandikia gazeti la mji, nikajifanya mjane mcha Mungu, nikadai albamu ipigwe marufuku. Cha marufuku hugombewa. Noreen kauliza namwandikia nani huku nacheka peke yangu. Nikasema shangazi. Akasema nimsalimie.

Alhamisi, 7 Machi
Barua imechapishwa! Duka linaloiuza limezifunga nakala zote kwa karatasi ya kaki. Anayetaka aombe kaunta. Nikashangilia. Mapema mno. Kwenye kaunta yuko Bi Entwistle, mwanakwaya mwenzake Noreen. Nimejibanza pale saa mbili nzima. Wanaume saba wakaingia, wakamwona, wakanunua betri za redio. Nani hapa kwetu atathubutu kumwomba Bi Entwistle mwanamke uchi? Hata mimi nimenunua betri.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Bi Entwistle kafungua nakala moja, eti ajue anauza nini. Akaliona begani kovu la kuungua na chai. Yeye na Noreen huogelea pamoja kila Jumatano! Kamletea Noreen nakala hiyo hadi mlangoni. Noreen hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza tu kama nilikusudia kumwambia. Nikamjibu, mke wangu, lakini si umetoka vizuri? Ama kweli ulimi hauna mfupa.

Jumapili, 10 Machi
Ameondoka, yuko kwa dada yake, mjini Halifax. Kabeba sanduku kubwa. Kaniachia barua mezani: Desmond, siku ile nilidhani unanitazama kwa mapenzi, kumbe ulikuwa unatafuta jalada. Usinifuate.
Nimeisoma mara nne. Nimelia, sifichi. Miaka kumi na moja!
Mara ya tano nikautazama mwandiko. Umelala vizuri. Pale chini chozi limedondoka, wino ukatawanyika. Unapendeza ajabu.
Nimempigia Lionel simu. Jalada la albamu ya pili limepatikana.