Jinsi Pandu bin Ameir Alivyouvusha Mwasumini Katika Baridi ya Bellevue

Jongeeni, enyi wakazi wa Bellevue, hapa Joburg, ninyi wa vyumba vya mbele na ninyi mliojibanza katika mabanda ya nyuma! Zimeni redio, tegeni masikio, na waliovaa soksi mbili mbili wasizivue, maana nataka kusimulia jambo kubwa kuliko yote yaliyopata kutukia katika ua wetu. Mimi mwandishi nakaa chumba cha nne, dirisha langu linatazama bustani, wala sikuhadithiwa na mtu.

Alikuwako katika ua huo Pandu bin Ameir, mzaliwa wa Wete, fundi wa simu, mshika reki, mume wa Mayasa. Mtu mpole isipokuwa katika jambo la mavazi. Alikuwa na kanzu ya darizi, nyeupe pe, na kila sikukuu alipoingia nayo msikitini watu walisogea kumpisha, naye akajifanya hakuona. Na alikuwako Jalidi, yaani umande ugandao kwa baridi, adui asiye miguu, ashukaye kabla ya alfajiri na kuunguza majani pasipo moto. Na kati yao ulisimama mwasumini mmoja, urefu wake haupiti kiuno cha mtu.

Msiucheke mti huo. Mayasa aliuleta kutoka kwa mamake ukiwa kijiti ndani ya chupa, na tangu hapo mama amekufa, nyumba imeuzwa, na mwasumini wa asili, uliozaa huu, umekatwa ili mnunuzi ajenge choo. Huu wa hapa ndio uliobaki duniani. Mwaka jana Jalidi aliuunguza hata ardhini, Mayasa akakaa siku tatu hasemi na mtu. Kisha kwa rehema za Mola mzizi ukachipua tena. Ndipo Pandu alipoapa, mbele ya mapipa ya taka na mbele yetu sote, kwamba mwaka huu mti hautaguswa.

Ikafika siku ya tisa ya Dhulhijja, kesho yake Idi, na kila simu ikatangaza baridi ya chini ya sifuri. Pandu, naye amefunga saumu ya Arafa, akatoka na reki yake kuuandaa ua kwa vita. Akakusanya majani makavu ya ua mzima akayalundika penye shina. Akaukamua maji mpira wa bustani usije ukapasuka. Akalifunga bomba kwa magunia, kwa mafundo saba, hata likafanana na mgonjwa aliyeteguka shingo. Kisha, ushindi ukiwa mkononi, akafanya kosa ambalo hulifanya mtu wa pwani tu: ilipoingia alasiri alichota ndoo ya maji akaumwagilia mti kutoka kileleni hata chini, kama alivyolelewa, maana kwao bustani hunyweshwa jioni.

Masika, msusi wa chumba cha pili, mzaliwa wa Butembo, akatoa kichwa dirishani.

“Papa Pandu! Eish! Unamwanga maji juu ya majani, na baridi iko nakuja? Ile maji itakuwa barafu, mti utakufa wote! Mimi niko na baridi kumi na moja mu hii Joburg, nimeona!”

Pandu akasimama na ndoo yake, akanena kwa sauti ya majonzi: “Ewe binti wa milima, nasaha yako ni dhahabu, lakini imechelewa kwa ndoo moja.”

“Basi panguza.”

“Jani lipi?”

“Yote!”

Akapanguza. Kwa leso yake ya mfukoni, akiwa amepiga magoti, tumbo tupu, jani baada ya jani, mia na arobaini na mawili, nimeyahesabu mimi. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshaegemea mapaa, naye akaleta nailoni kubwa ili aufunike mti.

“Nailo ikigusa majani, baridi inapita,” akasema Masika. “Leta nguo. Nguo kavu.”

Hapo msiba ukafunuka. Kwa ajili ya Idi, Mayasa alikuwa amefua kila kitu. Mashuka, mapazia, hata kitambaa cha meza, vyote vilikuwa kambani vinachuruzika maji. Blanketi lao lilikuwa moja, na mtoto wao ana kifua. Nami nilikuwa na mablanketi matatu, lakini historia haikuniuliza, wala mimi sikuikatiza.

Mayasa akaja mlangoni. Alikuwa analia, wala hakujificha.

“Uwache, Pandu. Umejitahidi, mume wangu. Kama ni wa kwenda, na wende.”

Pandu akaiweka nailoni chini. Akaingia ndani, akatoka na kanzu ya darizi, imepigwa pasi, ingali kwenye hanga.

“Papa Pandu, ile ni ya Idi!” akalia Masika.

“Najua ni ya nini.”

Akasimika fimbo nne za fagio, akauvika mti, akanyoosha mabega ya kanzu, akafunga vifungo vyote hadi kooni. Adhana ikalia katika simu yake, naye akafuturu kwa tende, na udongo umo kuchani.

Kulipokucha, ua ulikuwa mweupe. Maji katika ndoo ya Masika, iliyolala nje, yalikuwa jiwe. Kanzu ilikuwa imekakamaa kama ubao, nami nilipotoka nikaiamkia shikamoo, nikidhani ni mgeni wa sikukuu. Mayasa akafungua vifungo kimoja kimoja. Majani yalikuwa mabichi, yote, hadi la mwisho. Akaingiza uso ndani ya ile kanzu, akakaa humo muda mrefu.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, na wafundisheni wajukuu: siku hiyo, mkoani Gauteng, Jalidi alirudi mikono mitupu.

Pandu akaenda kuswali Idi na koti la kazini, lenye doa la gundi begani. Hakuna aliyesogea kumpisha. Wanaume wakamtazama juu na chini, mmoja akauliza, “Pandu, vipi? Kanzu i wapi leo?”

“Nimemvisha mama mkwe,” akasema, akanyoosha safu.