Barua Isiyo na Jina

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule kaamua: fasihi na historia zitafundishwa pamoja kidato cha pili. Darasa moja, walimu wawili. Yaani mimi na Mwalimu wa Historia! Nimenung'unika mbele ya wenzangu ili wasinishtukie. Miaka minne tunakaa meza jirani na sijapata kumwambia la maana zaidi ya kuazima chaki. Mpango: nitang'ara, yeye atanasa. Dada yangu, ninayeishi naye, kasema nianze kwa kupiga pasi suruali.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kaja na barua ya mapenzi, haina jina wala tarehe. Aliikuta miaka mitatu iliyopita ndani ya daftari lake la mahudhurio, kwenye kabati la walimu. Kaibandika ubaoni, kawaambia wanafunzi watafute ushahidi: nani aliiandika?

Mimi. Niliichomeka mwenyewe. Jina nililiacha kwa tahadhari.

Nikasimama chapuchapu kufundisha kwamba msimulizi si mwandishi, na anayesema anapenda huenda ni mhusika wa kubuni tu. Somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Akauliza kwa upole mhusika wa kubuni alipata wapi ufunguo wa kabati.

Jumatano, 5 Machi
Kiranja kagundua wino ni wa kijani. Darasa zima likafungua insha nilizosahihisha. Nikasema kijani ni ishara ya matumaini. Wakaandika. Jioni nimezificha kalamu zangu zote kwenye debe la mchele. Dada kazikuta akipika, kauliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesahihisha kwa wino mwekundu. Kiranja kaandika kwenye ripoti yake: mshukiwa kabadilisha wino baada ya uchunguzi kuanza. Nimempa tisa kwa kumi. Hoja ni nzito.

Baada ya kipindi tulibaki wawili tukifuta ubao. Kasema barua ile kaisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha kiada, na kaileta darasani kwa sababu amechoka kungoja mwenyewe ajitokeze. Akanitazama. Nikamjibu kwamba fasihi inawaheshimu sana waandishi wasiojulikana.

Akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaenda zake. Nampenda mwanamke huyu, na nimemjibu kama mtihani wa muhula.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kaikuta barua akitaka kufua shati. Nyuma yake kuna mwandiko wa Mwalimu wa Historia: kazi nzuri, ila haina jina wala tarehe. Rudia. Ilete Jumatatu, mkononi.

Nimesoma mara kumi na moja. Dada kalia, kisha kanipa karatasi safi, kaniambia safari hii nisimwaibishe.

Nimeandika upya kurasa mbili. Tarehe nimeweka, tena nimeipigia mstari. Wino wa bluu, kiranja asinishike. Kuikabidhi mkononi ni hatari, nitaichomeka kwenye daftari kama kawaida.

Na jina nimeweka. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: MSIMULIZI.