Mpira wa Upepo wa Kiwanja Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 5 Februari 2024

Mvua. Hapa Yuma, jangwani, ambako hata vyura huzaliwa na kiu! Nimeshtuka.

Tone la kwanza lilimpata Ardis, mke wangu, puani, wakati wa chai. La pili liliangukia blanketi lake la viraka, kazi ya majira mawili ya baridi. La tatu liliingia kwenye uji wangu wa shayiri. Baada ya hapo tulileta ndoo.

Nieleze, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi tu, nami najua. Ukifundisha fizikia miaka thelathini na minne, kueleza hakukutoki. Gari-nyumba letu lina chumba cha kutokeza: ukibonyeza swichi, upande mmoja wa sebule husogea nje kama droo ya kabati, na nafasi huongezeka kwa karibu mita moja. Kuuzunguka mlango wa droo hiyo kuna mpira mrefu wenye uwazi ndani, kama tyubu ya baiskeli. Ukijazwa upepo huvimba na kuziba mwanya wote. Ukitaka kusogeza chumba, sharti utoe upepo kwanza, usubiri mpira unywee, ndipo ubonyeze. Anayesogeza chumba huku mpira umevimba atauchana. Somo hili nililitoa kwa kambi nzima mwaka jana, kwa michoro ya rangi nne.

Mpira wetu umechanika. Jana nilikuwa na haraka.

Saa tano ikaletwa barua ya Loretta Beck, mwenyekiti wa kamati ya Kambi ya Kware Watatu. Kila gari lililozidi miaka kumi litakaguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Litakalovuja liondoke kabla ya saa sita mchana Jumapili, kwani wanaosubiri viwanja ni wengi. Letu lina miaka ishirini na miwili.

Ardis aliisoma barua akiwa amesimama. Katika kiwanja hiki namba kumi na nne tumekaa majira kumi na moja ya baridi. Mlimau ulio mlangoni aliupanda yeye. Jumatano wanawake hushonea mezani kwetu. Goti lake, ambalo kule kwetu Minnesota lilikuwa limekataa ngazi, hapa linacheza dansi. Aliikunja barua, akasema neno moja tu: Fargo.

Fargo yuko mwanetu Kurt. Ana chumba chini ya nyumba, kitanda kimepakana na mashine ya kufulia, na theluji inafika dirishani.

Nilimwambia asihofu, mumewe ni mwanasayansi. Hakutulia kama nilivyotarajia.

Jumanne, 6 Februari

Mpira mpya ninao. Niliununua miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya siku kama hii, nikauficha chini ya kitanda. Ardis aliniuliza kwa nini sikuubadilisha miaka mitatu iliyopita. Wanawake wana maswali ya ajabu.

Duane Kozak akaja na ngazi yake. Ni jirani wa kiwanja namba kumi na tano, mkulima wa ngano kutoka Saskatchewan, mtu mwenye mikono kama makasia. Gari lake lina miaka minne. Hakaguliwi, bali ndiye anayekagua: yumo kwenye kamati. Akaniambia amebadilisha mipira mitatu ya namna hii maishani mwake, na kwamba kazi yenyewe ni ndogo ila inataka subira. Safisha mfereji, paka gundi laini ya mpira, bandika bila kuvuta, halafu usiuguse siku nzima. Akasema wakishirikiana watu wawili, kufikia Alhamisi imekwisha.

Nilimshukuru. Nikamwambia mimi ndiye niliyeitungia kambi hii somo la mipira.

Akasema anakumbuka. Alikaa mstari wa mbele.

Saa kumi, kama kawaida, tulipanga viti vyetu kwa duara, kila mtu na kinywaji chake. Mama mmoja wa Iowa aliuliza kwa nini betri zake hazidumu. Nilikohoa, nikajiandaa. Nilipofungua mdomo, alikuwa amemgeukia Duane! Duane akajibu kwa sentensi mbili, na wote wakaelewa. Sentensi mbili! Betri hazielezeki kwa chini ya dakika arobaini. Nalala na hasira.

Jumatano, 7 Februari

Nimeung'oa mpira wa zamani. Ulitoka vipande vipande, kama keki iliyokauka. Nilikwangua gundi kuukuu kwa kijiko bapa cha Ardis cha kugawia pai. Amekitambua.

Ndani ya mfereji nimekuta: miwani yangu iliyopotea mwaka 2019, nusu ya biskuti, na kadi ya Krismasi kutoka kwa Kurt ambayo tulimlaumu miaka mingi kwamba hakuituma. Ardis alikaa chini na kuisoma kadi hiyo. Kurt alikuwa ameandika kwamba tukichoka kuzunguka, chumba kile cha chini ni chetu hadi mwisho wa maisha yetu. Ardis aliirudisha kwenye bahasha taratibu sana, akanisihi kwamba mpira huu usivuje.

Wanawake walikuja kushona. Walishonea nje, chini ya turubai, kwa sababu sebule ilinuka dawa ya kuyeyushia gundi. Dawa hiyo ni kali kweli. Imeondoa gundi, na mstari wa rangi ya buluu uliokuwa ubavuni mwa gari. Rangi ya buluu sikuipenda tangu zamani.

Duane alipita, akautazama ule mstari usiokuwepo, akaendelea na safari yake bila neno. Kunyamaza huko nako ni dharau.

Alhamisi, 8 Februari

Siku kubwa. Naandika kwa utulivu wa mtu aliyeshinda.

Nilifikiri sana kuhusu gundi. Gundi laini ya mpira, wanayoitumia akina Duane, ni gundi ya watu wenye mashaka. Mjini kuna gundi nyeusi inayobandikia vioo vya mbele vya magari. Kioo hicho kinavumilia upepo wa barabara kuu, mvua ya mawe, na mbwa. Sasa kwa nini nisitumie kitu bora? Nimenunua mirija sita.

Nilikisukuma chumba nje hadi mwisho, nikapanda ngazi, nikamimina gundi ndani ya mfereji kwa ukarimu, nikabandika mpira kuzunguka pande zote nne. Saa tatu za kazi. Umekaa vizuri kama bibi harusi kanisani.

Kisha lilinijia wazo ambalo sidhani kama limewahi kumjia mtu mwingine. Karatasi ya maelekezo inasema mpira uachwe mtupu siku nzima. Lakini kitu chenye upepo ndani husukuma pande zote kwa nguvu sawa! Kwa hiyo ukiujaza upepo papo hapo, utajikandamiza wenyewe kitandani mwake, na gundi itashika mara mbili. Fizikia ya kidato cha pili.

Niliujaza. Ulivimba kwa heshima. Gundi kidogo ilifurika pembeni, kama uji uliosahaulika jikoni. Ikaingia kati ya mpira na ukuta wa chumba. Nilifuta iliyoonekana.

Nilimweleza Ardis kanuni yote wakati wa chakula. Aliuliza swali moja: hiyo iliyoingia ndani, isiyoonekana, imekwenda wapi? Nilimwambia asiitafutie sayansi matatizo.

Ijumaa, 9 Februari

Sina maneno. Nitaandika hata hivyo.

Saa mbili asubuhi nilitoa upepo. Nilisubiri, kama ninavyofundisha. Nilibonyeza swichi. Injini ya chumba ilinguruma, gari zima likainama upande wa mlimau, vikombe vyote vikatoka kabatini, na chumba hakikusogea hata unene wa kucha.

Nilibonyeza tena. Gari likainama tena. Ardis alikuwa bafuni. Sitaandika alichosema.

Chumba kimegandana na gari! Kwa gundi inayoshika vioo!

Duane alisikia kelele, akaja na kurunzi. Aliingiza kisu chembamba pembeni mwa mpira. Kisu kikakatika. Alicheka hadi akashika ngazi. Kisha alimwona Ardis amesimama mlangoni na kadi ya Kurt mkononi, akaacha kucheka pale pale.

"Mwalimu," akasema, "huku si kuziba. Hii ni ndoa."

Alieleza, kwa sentensi mbili tena, kwamba gundi hii hukatwa kwa waya, polepole, siku nyingi, na fundi wake wa mjini amejaa hadi mwisho wa Machi. Na kesho kamati itataka kuona chumba kikiingia na kutoka.

Nilikuwa na mpango kabla hajamaliza kukunja ngazi. Kesho saa nne Ardis atakuwa kitandani, mgonjwa, na kitanda tutakihamishia ndani ya chumba cha kutokeza. Hakuna kamati inayomsogeza mgonjwa!

Ardis alikataa. Akasema hajawahi kulala saa nne asubuhi tangu azaliwe, na Loretta analijua hilo. Akaongeza kwamba miaka hamsini na miwili amevumilia majaribio yangu, lakini hatasema uongo kwa ajili ya tyubu.

Baada ya chakula nilimkuta nje, anamwagilia mlimau. Alikuwa ameumwagilia asubuhi.

Jumamosi, 10 Februari

Walikuja watatu: Loretta na ubao wake wa kuandikia, mzee mmoja wa Oregon ambaye hazungumzi, na Duane na bomba la maji.

Kwanza maji. Dakika kumi, Duane alimwagia ukuta ule kwa nguvu zote, juu, chini, pembeni. Loretta alikuwa ndani, akipapasa kila kona kwa karatasi ya jikoni. Karatasi ilibaki kavu. Akaipapasa tena. Akaiweka shavuni. Alisema kwamba kwa miaka tisa ya ukaguzi hajawahi kuona gari kavu namna hii, hata jipya. Duane alikiri kwamba chumba chake cha kutokeza cha nyuma hupiga mluzi upepo ukivuma.

Nilifungua mdomo nieleze siri. Ardis akanikanyaga.

Kisha Loretta akasema tukiingize chumba ndani.

Nilianza kueleza kuhusu joto na mtanuko wa vyuma. Nilikuwa na michoro. Ardis alinyoosha mkono, akaiweka michoro chini.

"Loretta, hakiingii," akasema. "Mume wangu amekibandika. Hakitaingia leo wala kesho."

Loretta aliandika kitu kwenye ubao wake, akakipigia mstari mara mbili.

Kamati ilijitenga kwenye kivuli cha mlimau. Loretta alifungua kijitabu cha kanuni. Alipendelea tuondoke, niliona usoni mwake. Ndipo Duane alipovua kofia akamwomba asome upya, polepole, kanuni ya sita. Gari linalovuja litaondoka. Akauliza kama hili linavuja. Loretta akasema halivuji. Duane akauliza tena: tuseme tumelifukuza, litapitaje barabarani na sebule imetokeza mita moja? Polisi atalisimamisha kabla halijafika kwenye duka la matunda.

Loretta alisoma kanuni mara tatu. Yule mzee wa Oregon akazungumza kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alisema, "Basi wakae."

Tunakaa. Hadi fundi wa waya aje mwisho wa Machi, na majira yajayo pia kama chumba kitatoka salama. Kuna sharti moja, limeandikwa na nimetia sahihi: Orrin Halvorsen, yaani mimi, asiguse kitu chochote cha gari hili, na sanduku lake la zana likae kwa Duane Kozak.

Zana zangu! Kwa Duane!

Ardis hakulalamika. Alichuma malimau makubwa manane kutoka kwenye mlimau wake, akaoka keki, akampelekea Duane nzima, bila hata kunikatia kipande. Aliporudi alikuwa anaimba. Kadi ya Kurt ameibandika kwenye jokofu, na anasema atamwandikia kumshukuru, sasa kwa kuwa haendi.

Jumatatu, 12 Februari

Siku mbili nimekaa kitini nikitafakari yaliyotokea, kama mtu mzima anavyopaswa. Mafunzo yapo, nayo ni makubwa.

Funzo la kwanza: gari kavu kuliko yote katika historia ya kambi hii ni langu. Hiyo si bahati. Hiyo ni gundi nyeusi pamoja na upepo wa papo hapo. Kosa lilikuwa moja dogo, la kiasi: niliujaza mfereji wote. Nusu ingetosha.

Funzo la pili: Duane ni mtu mwema. Ametuokoa, naye ana chumba kinachopiga mluzi. Jana upepo ulivuma usiku kucha nikausikia mluzi huo nikiwa kitandani, na moyo ukaniuma kwa ajili yake. Wema haulipwi kwa keki peke yake.

Sharti nililotia sahihi linahusu gari hili. Lake halikutajwa.

Alhamisi yeye na mkewe wanakwenda mjini kwa daktari wa meno, watarudi jioni. Ardis ameficha mirija miwili iliyobaki ndani ya mashine yake ya kushonea, mahali pa kwanza nilipotafuta. Zana haziko mbali: ziko kwa Duane mwenyewe, chini ya ngazi.

Subira huvuta heri, wanasema. Lakini ukijaza upepo mara moja, heri inafika mapema zaidi. Natamani kuona uso wake akirudi.