Ndege wa Ardis

Randall Pruitt alikuwa akinywa kahawa ya bure katika chumba cha chini cha kanisa, mjini Duluth, Marekani, aliposikia wanawake wa meza ya jirani wakilalamika kwamba blogu zao ziko uchi. Walimaanisha ubavuni, pale msomaji anapotafuta alama za kubonyeza ili aende Fesibuku au Twita.

"Ona za Ardis mwenzetu," alisema Colleen Haugen, mwenyekiti wa chama cha wanablogu wa mapishi. "Ndege wa mdalasini. Bahasha ya biskuti. Zote kazichora kwa brashi."

"Si akuchoree na wewe?"

"Anataka wiki tatu. Wiki tatu, jamani! Na shemeji yangu ananizidi wasomaji mia mbili."

Randall akainyoosha tai yake ya kijani, ile ile ya kila siku. Mtu mwenye haraka, tena mwenye shemeji, ni riziki iliyojileta.

"Samahani, mama zangu. Mimi nachora hizo. Kesho asubuhi zitakuwa tayari."

"Kesho? Kwa mkono?"

"Mikono ninayo miwili, mama."

Tusimwonee: mkono aliutumia kweli. Alifungua blogu ya Ardis, akanakili msimbo, yaani maandishi ya kompyuta, wa alama zake tano, akabadilisha mahali kila alama inapompeleka msomaji, akaubandika kwa Colleen. Picha zenyewe hakuzihamisha. Zilibaki katika hifadhi ya Ardis, na kila mara blogu ya Colleen ilipofunguliwa, msimbo ulikimbia kwa Ardis kuziazima kama zilivyo wakati huo. Randall hakujua hilo. Alijua kunakili tu, na kunakili kulikuwa kumemlea vizuri.

"Mbona wamefanana na wa Ardis?" Colleen aliuliza.

"Ndege ni ndege, mama. Au nimwongezee miguu?"

Colleen alimfikiria shemeji yake, akalipa.

Mwezi ulipoisha, blogu sitini zilikuwa na ndege wa mdalasini, na Randall mwenyewe alijiwekea kwenye yake. Ndipo Ardis Lindqvist, mchora mabango mstaafu, alipoletewa onyo na kampuni inayohifadhi blogu yake: picha zake zinaazimwa kupita kiasi, blogu yake itafungwa Jumapili. Humo mlikuwa na miaka minane ya mapishi, mengine ya marehemu mama yake, ambayo hayakuandikwa popote pengine.

Ardis hakumpigia mtu simu. Alifungua orodha ya waazimaji, akaisoma yote, jina kwa jina, mpaka wa mwisho. Kisha akaosha brashi.

Jumamosi chama kilikutana kumkabidhi Randall kazi ya mwaka mzima. Ardis alikaa nyuma na laptopu yake magotini. Randall akaifungua blogu ya Colleen kwenye kiwambo kikubwa.

Ubavuni walisimama nguruwe watano, kila mmoja na tai ya kijani.

"Toleo la majira ya baridi," alisema Randall bila kupepesa. "Nguruwe ana joto."

"Fungua yangu," mwingine akasema. Nguruwe watano. "Na yangu!" Watano.

"Mtandao huu wenu unayumba. Subirini nipakie upya."

Nyuma, Ardis alibonyeza mara moja. Nguruwe wakatoweka, zikaja herufi tano za rangi ya mdalasini: A, R, D, I, S.

Hakuna aliyepaza sauti, Duluth hawapazi. Colleen aliinuka, uso umemwiva.

"Bwana Randall, nikufungie keki ya kula njiani?"

Mji ule haujui hukumu nzito kuliko hiyo. Randall aliipokea keki kwa mikono yake miwili, akapanda ngazi.

"Ardis, dada yangu," Colleen akaanza polepole, "zile wiki tatu bado zipo?"

"Sasa ni nne. Na kila mtu aufute msimbo wangu kwanza, kabla kahawa haijapoa."

Waliufuta wote. Jumapili ikapita, na mapishi ya mama yake Ardis yakabaki mahali pake.

Blogu moja tu ndiyo haikusafishwa, ile ya Randall. Ardis alimrudishia nguruwe mmoja, mnono kuliko wote, na mpaka leo yupo. Randall amemtafuta mtu wa kunakili kwake namna ya kumtoa nguruwe. Hajampata.